Anza na Spika Ndogo, Wufa Ifuate

Mnunuzi akiingia duka la redio Mwanjelwa, Mbeya, au Miomboni, Iringa, macho yake hukimbilia wufa. Ni kubwa, sumaku yake nzito, na muuzaji akiweka wimbo wa amapiano koni inaruka mpaka meza inatikisika. Spika mbili ndogo zilizo pembeni huonekana kama nyongeza tu. Akifika nyumbani anapata kile kile alichokichagua: besi inajaa chumba, bati la paa linalia, maneno ya wimbo yanapotea. Anaongeza sauti ili amsikie mwimbaji, na besi nayo inapanda. Muda si mrefu spika ndogo zinaanza kukwaruza, na safari za kwa fundi zinaanza.

Ushauri wangu ni kuanzia upande wa pili. Spika ya fulurenji, yaani ile ambayo koni yake moja inabeba sauti ya mtu, gitaa, tarumbeta na ngoma kwa pamoja, ndiyo iwe kipimo cha mfumo mzima. Jua omu zake, jua nguvu zake, itafutie amplifaya inayoimudu. Halafu ndipo ulete wufa, na kazi ya wufa iwe moja tu: kujaza chini, pale fulurenji inapochoka.

Spika moja inafika wapi

Wengi wetu tumekulia kwenye spika moja. Redio za National zilizotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Matsushita tangu miaka ya 1960, nyingi zilikuwa na fulurenji moja ndani ya kasha, na kwa hiyo moja watu walisikiliza taarifa ya habari, mpira na muziki wa dansi wa Radio Tanzania Dar es Salaam bila kukosa neno. Sauti ya binadamu na sehemu kubwa ya ala huishi kati ya hezi 100 na hezi 5,000. Fulurenji ya inchi 4 hadi 6 inaimudu sehemu hiyo vizuri sana, tena sauti yote inatoka mahali pamoja, kama inavyotoka kinywani. Mimi naiheshimu spika ya namna hii kuliko msururu wa twita zinazong'aa mbele ya boksi.

Kinachoishinda ni kushuka chini. Ili sauti ibaki na ukubwa ule ule, kila unaposhusha hezi kwa nusu koni lazima isafiri mara nne zaidi. Kutoka hezi 200 hadi hezi 50 umeshusha nusu mara mbili, kwa hiyo koni inadaiwa safari ndefu mara 16. Spika ya inchi 4 haina nafasi hiyo. Koili yake inatoka nje ya mwanya wa sumaku, inagonga, na kwa kuwa sauti ya mwimbaji inapita kwenye koni hiyo hiyo inayohangaika, nayo inachafuka. Wufa ya inchi 12 ina uso unaouzidi wa inchi 4 takriban mara tisa. Inasogea kidogo tu na hewa nyingi inasukumwa.

Kabla hujatoa fedha, jiulize unasikiliza nini. Besi ya wanaume kwenye kwaya ni nadra kushuka chini ya hezi 80. Mtu ambaye redio yake ni ya kwaya, mahubiri na habari, na watu hao ni wengi Mbeya na Iringa, anatoshelezwa na fulurenji mbili nzuri za inchi 6 zilizowekwa kwenye maboksi ya maana. Fedha za wufa aziongeze kwenye hizo mbili. Uzi mnene wa gitaa la besi, kwa upande mwingine, unapiga hezi 41. Anayependa Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, anahitaji wufa inayofika hezi 45 hivi ili alisikie gitaa hilo likitembea chini ya nyuzi nyingine. Bongo Fleva na amapiano huweka uzito mwingi kati ya hezi 40 na 60. Singeli ina kasi, kwa hiyo kwake wufa inayonyamaza haraka ni bora kuliko inayovuma kwa muda mrefu.

Wati za boksi na wati za ukutani

Maandishi makubwa ya P.M.P.O. kwenye boksi la sabufa, yaani seti ya wufa na spika ndogo mbili yenye amplifaya ndani, yakidai wati elfu kadhaa, yapuuze kabisa. Hesabu hiyo haifuati kanuni yoyote ya pamoja. Kila mtengenezaji huandika anavyotaka. Geuza sabufa nyuma usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme: volti 230, hezi 50, kisha wati. Ukikuta wati 40, basi hizo ndizo inazovuta ukutani, na hakuna amplifaya inayoweza kutoa mfululizo zaidi ya inachokula. Amplifaya za kawaida zenye transfoma hugeuza takriban nusu ya umeme kuwa nguvu ya spika, iliyobaki huwa joto. Wati 40 za ukutani ni kama wati 20 za kugawana spika zote tatu.

Redio ya gari inahitaji hesabu yake, maana wapo wengi wanaoifunga nyumbani kwa betri ya sola huko Kilolo na Chunya. Imeandikwa wati 50 mara nne. Kwa betri ya volti 12 hadi 14.4 na spika za omu 4, fizikia inaikomesha karibu na wati 20 kwa kila chaneli. Si mbaya, lakini si 50.

Na wati 20 si kidogo kama unavyodhani. Kinachoamua sauti utakayopata ni unyeti wa spika, yaani desibeli inazotoa ikipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Fulurenji yenye unyeti wa desibeli 88 ikipewa wati 10 inafika 98, na kwenye chumba cha kulala au sebule ndogo hizo ni kelele tayari. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linalihisi kwa mbali. Ukitaka sauti ionekane imekua maradufu unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo spika ya desibeli 91 inayopewa wati 10 inalingana na spika ya desibeli 85 inayopewa wati 40. Tafuta unyeti kwanza. Wati ni ghali, na zinakula umeme wa LUKU kila mwezi.

Sasa ilinganishe na wufa. Wufa nyingi zinazopatikana mtaani ni za gari: koni nzito, raba nene, unyeti wa desibeli 84 hadi 87. Zaidi ya hapo, sikio letu lenyewe ni zito kwa sauti za chini, jambo ambalo Fletcher na Munson walilionyesha kwa vipimo huko Marekani mwaka 1933. Ukijumlisha hayo mawili, wufa inahitaji wati mara mbili hadi mara nne ya zile unazopeleka kwa kila fulurenji. Fulurenji zikipewa wati 15 kila moja, wufa ipewe kati ya 30 na 60. Ukiipa 200 utaishia kuipunguza tu, ama usiipunguze na uwe umeharibu kila kitu.

Kosa la kinyume chake lipo pia, nalo huua spika nyingi zaidi. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita mwisho wake hukata vichwa vya mawimbi. Sauti inakuwa kavu, inakwaruza, na nguvu ya wastani inayofika kwenye koili inapanda huku sehemu za juu zikizidi kuliko zilivyo kwenye wimbo. Twita ndizo hufa kwanza, fulurenji hufuata. Ukisikia mkwaruzo, punguza pale pale.

Omu ndizo zinazochoma aisi

Ukikaa kwa mafundi wa redio utaona aisi (IC) zilizoungua, nyingi zikiwa za familia ya TDA2030 ambayo imejaa kwenye sabufa za bei ya chini. Sababu ya mara kwa mara ni moja: mwenye sabufa aliona spika zake ndogo hazitoshi, akaunga spika nyingine kwenye waya ule ule.

Sabufa imekuja na spika za omu 4. Ukiunga nyingine ya omu 4 sambamba nayo, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 2. Mkondo unaodaiwa unakuwa maradufu, transfoma inalemewa, aisi inapata joto isilolimudu. Spika mbili za omu 8 sambamba zinatoa omu 4, na hizo zinakubalika. Spika ya 8 na ya 4 sambamba zinatoa omu 2.7, hazifai. Ukiziunga kwa kufuatana, hasi ya kwanza kwenda chanya ya pili, omu zinajumlishwa: 4 na 4 zinakuwa 8, amplifaya inapumua, ingawa inatoa takriban nusu ya wati zake. Njia ya kufuatana itumie kwa spika zinazofanana tu. Kamwe usifuatanishe wufa na fulurenji, maana kila moja itaivuruga nyingine kadiri hezi zinavyobadilika.

Spika isiyo na kibandiko ipime kwa mita. Weka mita kwenye omu, gusa vituo viwili. Ya omu 8 husoma kati ya 6 na 7, ya omu 4 husoma 3 hadi 3.5, kwa sababu mita inapima waya wa koili peke yake. Uwe mwangalifu na spika za used zilizotoka kwenye seti za sinema za nyumbani. Nyingi ni za omu 3 na zilitengenezewa amplifaya yake maalumu. Wufa ya gari yenye koili mbili za omu 4 inaweza kuungwa ikawa 8 au 2. Nyumbani chagua 8, na uzitumie koili zote mbili.

Chanya na hasi zikikosa alama, chukua betri ya redio ya volti 1.5 na uiguse kwenye vituo kwa nukta moja. Koni ikitoka nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Ifanye kazi hii kwa kila spika. Fulurenji mbili zikigeuziana nyaya, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inapotea katikati ya chumba hata kama vifaa vyote ni vya bei kubwa.

Mfano unaoshikika

Nautoa huu kwa sababu vitu vyake vinapatikana na hesabu yake ni safi. Chukua chaja ya kompyuta mpakato ya volti 19 na ampea 4.74. Hiyo ni wati 90. Chukua bodi ya TPA3116 ya chaneli mbili na wufa, ile yenye aisi mbili na vitufe vya sauti, besi na mkato wa wufa. Unga fulurenji mbili za omu 8 kushoto na kulia, na wufa ya omu 4 kwenye chaneli yake.

Kwa volti 19, bodi hii inaweza kutoa kilele cha volti 18 hivi. Kwenye omu 8 hizo ni wati 20, kwenye omu 4 ni wati 40. Umeona kilichotokea: bila kuongeza kifaa chochote, wufa imepata mara mbili ya kila fulurenji kwa sababu tu omu zake ni nusu. Jumla ni wati 80, na aisi za aina hii hupoteza kidogo sana kwa joto, hivyo chaja ya wati 90 inakaribia kutosha kabisa hata vyote vikipigwa mwisho. Muziki wenyewe haukai kileleni. Kwa wastani utakuwa unatumia sehemu ndogo tu ya hapo. Ndiyo maana napendelea bodi hizi kwa nyumba za sola pia, ukitumia chanzo cha volti kinachofaa.

Jambo moja la kushika: kwenye bodi ya namna hii nyaya hasi za spika si ardhi. Usiziunganishe pamoja, wala usizipeleke kwenye kasha la chuma. Kila spika iwe na nyaya zake mbili zinazotoka kwenye bodi.

Waya nao una sehemu yake. Waya mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi unaouzwa kwa mita unaweza kuwa chini ya nusu milimita ya mraba. Kwa urefu wa mita 10, waya wa 0.75 una karibu nusu omu kwenda na kurudi, na kwa wufa ya omu 4 hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya kila unachotuma. Kwa wufa tumia 1.5, au 2.5 ikiwa iko mbali. Fulurenji za omu 8 zilizo umbali wa mita tatu hazihitaji waya wa fedha nyingi.

Kuzigawia kazi

Sasa tufike kwenye krosova, yaani mahali fulurenji inapoachia na wufa inapopokea. Fulurenji ya inchi 6 iachie kwenye hezi 80 hadi 100. Ya inchi 4 iachie kati ya 150 na 180, na hapo wufa ikae karibu nazo, ikiwezekana katikati yake, maana juu ya hezi 100 sikio linaanza kutambua besi inatoka upande gani.

Bodi nyingi zina kitufe cha kuikatia wufa sauti za juu, lakini fulurenji huachwa zipokee kila kitu. Hapa ndipo watu wengi wanaacha nusu ya faida. Weka kapasita mfululizo kwenye waya wa chanya wa kila fulurenji, na besi ndefu haitapita. Hesabu yake: gawanya 159,000 kwa omu za spika, kisha kwa hezi unazotaka, jibu ni mikrofaradi. Kapasita hiyo lazima iwe isiyo na chanya na hasi. Ukikosa kubwa ya aina hiyo, chukua mbili za kawaida zenye thamani moja, unganisha hasi na hasi, tumia miguu miwili ya chanya iliyobaki. Thamani inakuwa nusu ya moja. Mbili za 470 zinatoa 235, ambazo kwa spika ya omu 8 zinakata kwenye hezi 85. Mbili za 220 zinatoa 110, zinazokata kwenye 181. Chukua za volti 50. Koni za fulurenji zitaacha kuhangaika, sauti ya mwimbaji itasafika papo hapo, na utaweza kupandisha sauti zaidi kwa amplifaya ile ile. Kwangu mimi hii ndiyo fedha ndogo yenye kazi kubwa kuliko zote katika mfumo mzima.

Kwa wufa usijaribu koili ya krosova kati ya amplifaya na spika. Kwa omu 8 na hezi 100 ungehitaji milihenri karibu 13, na hiyo ni shaba nyingi sana, ghali, na inakula nguvu. Kata kwa filta ndogo kabla ya amplifaya. Ndiyo maana wufa inastahili amplifaya yake peke yake, hata kama zote mbili zimo kwenye kasha moja.

Boksi

Hapa tuna bahati. Msitu wa Sao Hill uko Mufindi, na plaiwudi za Mafinga zinafika Iringa na Mbeya bila shida. Tumia ya milimita 18 kwa boksi la wufa. Ubao wa msonobari uliopasuliwa jana unajikunja ukikauka na kufungua maungio, plaiwudi inatulia. MDF ni nzuri kwa sauti lakini inavimba ikishika maji, na kwa Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa utani, sishauri.

Kama huna karatasi ya vipimo vya wufa yako, jenga boksi lililofungwa kabisa, lisilo na tundu la bomba. Vipimo vya ndani vya sentimita 40 kwa 40 kwa 35 vinakupa lita 56, ambazo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa inchi 12 nyingi za gari. Boksi la bomba linatoa besi zaidi kwa wati zile zile, ila bomba likikosewa urefu, koni inapoteza breki chini ya hezi za bomba na wufa inajiua. Kanuni zake ziliwekwa na Neville Thiele na Richard Small, na zinataka vipimo vya kweli vya spika husika. Paka gundi kila ungio, piga skrubu, ziba kila mwanya kwa silikoni. Hewa ikivuja utasikia mluzi.

Fulurenji zisikae kwenye hewa moja na wufa. Boksi moja refu lenye wufa chini na spika ndogo juu bila kizuizi ndani ni jambo la kawaida mitaani, na ni baya: kila wufa inaporudi nyuma inasukuma hewa inayozitoa koni ndogo nje. Weka ukuta wa plaiwudi kati yake, au tengeneza maboksi tofauti.

Chumba cha futi kumi kwa kumi

Vyumba vingi vya kupanga ni futi kumi kwa kumi, na dari mara nyingi haiko mbali na futi hizo hizo. Kwa sauti, umbo hilo ni gumu. Wimbi la hezi 56 linajikunja mara moja kamili kati ya kuta mbili zilizoachana mita tatu, na kwa kuwa upana, urefu na kimo vinakaribiana, pande zote tatu zinaitikia hezi zile zile. Ndiyo maana noti moja ya besi inalipuka na nyingine hazisikiki. Watu hudhani wufa ni mbovu.

Kuweka wufa kwenye kona kunazidisha mlipuko huo, kwa sababu kona inazichochea pande zote. Ihamishie katikati ya ukuta, na upande mmoja utatulia. Kwa sebule kubwa yenye urefu na upana tofauti, kona inaweza kukusaidia kuokoa wati. Njia ya uhakika ni hii: weka wufa kwenye kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha uzunguke chumba kwa magoti karibu na kuta. Mahali ambapo noti zote zinasikika sawa ndipo pa kuiweka wufa, nawe urudi kwenye kiti chako.

Ukuta wa tofali za kuchoma na sakafu ya saruji hurudisha kila kitu. Zulia, makochi ya kitambaa na pazia nzito huondoa mwangwi wa sauti za juu, lakini besi haziguswi. Fulurenji ziweke kimo cha masikio ukiwa umekaa, zitazame kiti. Besi ya wufa pangilia madirisha yakiwa jinsi unavyoishi nayo. Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapofunga kila dirisha, chumba kinashika besi zaidi kuliko Oktoba madirisha yakiwa wazi.

Umeme, vumbi na radi

Sabufa ya transfoma yenye 12-0-12 ina volti 17 chanya na 17 hasi baada ya kunyooshwa. TDA2030 ya kawaida mwisho wake ni 18. Umeme ukipanda kutoka 230 hadi 250, kama unavyoweza kufanya usiku mzigo wa mji ukipungua, volti hizo zinapita 18 na aisi inakufa hata sauti ikiwa ndogo. Kifaa cha kulinda volti, kama kile cha friji, kinafaa. Fundi akibadilisha, mwombe TDA2030A inayovumilia 22, na aangalie isiwe feki, kama zilivyo pia nyingi za transista 5200 na 1943 kwenye amplifaya kubwa.

Kwenye miinuko yetu hewa ni nyepesi. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, na hewa yake ni pungufu kwa takriban sehemu ya sita ya ile ya pwani, kwa hiyo bati la alumini la kupoozea linafanya kazi kwa shida kidogo. Baridi inalifidia. Amplifaya iliyokuwa sawa Mbeya ikipelekwa Kyela, kwenye joto la ziwani, inaweza kuzidiwa. Iachie nafasi ya kupumua, isizibwe na kitambaa cha kufuma. Vumbi la kiangazi lipulizwe kabla halijafunika bati hilo. Na tangu mvua za Novemba hadi zile za Aprili, radi ikianza kusikika mbali, chomoa plagi na chomoa waya wa antena. Swichi peke yake haizuii radi.

Mwisho wa kupanga sauti

Chomoa spika zote. Weka simu ipige mlio wa hezi 50 ikiwa na sauti ya mwisho, mita iwe kwenye volti za AC, iguse vituo viwili vya wufa. Zungusha kitufe polepole. Volti zitapanda, kisha zitafika mahali ambapo unazungusha na zinaongezeka kwa shida, yaani mawimbi yameanza kukatwa vichwa. Kwa mfano wetu wa chaja ya volti 19 itakuwa karibu na 12.7. Rudi nyuma kidogo na uweke alama kwa kalamu ya wino mzito. Rudia kwa fulurenji kabla ya kapasita. Hizo alama ndizo mipaka, na kila mtu nyumbani azijue.

Unganisha spika. Shusha wufa hadi isisikike kabisa. Piga wimbo unaoujua maneno yake, upandishe fulurenji hadi kiwango unachokipenda. Sasa ongeza wufa taratibu hadi gitaa la besi litokee, halafu punguza nukta moja. Geuza nyaya mbili za wufa, chanya iwe hasi, usikilize tena ukiwa kwenye kiti. Uunganishaji unaoleta besi iliyojaa zaidi kwenye noti za katikati, pale ambapo wufa na fulurenji zinakutana, ndio uuache. Zima wufa ghafla wimbo ukiendelea. Kama sauti ya mwimbaji imebadilika, mkato wa wufa uko juu mno. Ushushe na ujaribu tena mpaka kinachoondoka kiwe besi peke yake.